Kompyuta ya Fedha Kidogo

Yadhaniwa na watu wengi kwamba kuchagua ni starehe ya matajiri, na kwamba maskini hana achaguacho, hupokea tu kile ambacho mfuko wake umemruhusu. Dhana hii ina sura ya kweli, lakini haisimami ikitazamwa karibu. Mtu aingiaye dukani na fedha nyingi hana haja ya kupima. Akikosea leo hununua tena kesho, na kosa lake husahauliwa katika pembe ya ghala. Mwenye fedha kidogo ndiye alazimikaye kuchagua hasa, kwa maana kila shilingi aitiayo mahali pamoja ameiondoa mahali pengine, wala hana ya pili ya kuifuata. Jambo hili lilionekana wazi katika nyumba moja ya Mbagala, Dar es Salaam, katikati ya mwaka 2024, ambako kijana mmoja alitaka kuunda kompyuta ya kuchezea michezo na kuirusha michezo hiyo mubashara kwa watazamaji.

Kijana huyo alikuwa amehitimu chuo mwaka mmoja kabla, na kazi aliyoisomea ilikuwa haijamwita. Alikuwa na kipawa kimoja kilichojulikana mtaani, nacho ni ulimi. Katika kibanda umiza cha jirani, ambako watu hulipa fedha chache kutazama kandanda ya Ulaya kwenye skrini moja, sauti ya televisheni ikikatika yeye ndiye aliyeombwa atangaze, naye aliutangaza mpira kwa Kiswahili chepesi chenye mzaha hata watu wakasahau kuidai sauti ya televisheni irudi. Mchezo wa eFootball, ambao tangu mwaka 2021 hutolewa bila malipo, alikuwa akiucheza kwenye simu. Shauri lake lilikuwa kuuhamishia kwenye kompyuta, aucheze na kuutangaza kwa wakati mmoja, na picha pamoja na sauti ziwafikie wote wapendao kutazama. Wazee wa mtaa walitikisa vichwa waliposikia kwamba mtu mzima ataka kununua chombo cha kuchezea. Walikuwa wameinamia bao tangu alasiri.

Fedha zilitoka kwa mama yake, muuza vitumbua na chapati, naye alizipata kwa zamu ya mchezo. Kiswahili cha Dar es Salaam kina mzaha wake hapa, maana neno hilo hilo litajalo kandanda na bao hutaja pia jambo lisilo na mzaha hata kidogo, ambalo wengine hulijua kwa jina la upatu. Wanawake kumi walikuwa wakimpa kijumbe shilingi 5,000 kila mmoja kila siku, na kila baada ya siku thelathini mmoja wao alikabidhiwa shilingi 1,500,000. Zamu ya mama ilikuwa na kazi yake tayari. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa mwaka 2023 na kuendelea hata masika ya 2024 zilikuwa zimeyamaliza mabati ya jiko, nayo yalitakiwa kubadilishwa kabla ya vuli. Mama alizitoa fedha za mabati, akazitia mikononi mwa mwanawe, akasema, "Baba, hizi hazina ndugu." Tangu saa ile paa la jiko lilikuwa ndani ya kila hesabu aliyoifanya kijana.

Dukani Kariakoo alipokewa vizuri. Muuzaji alimwekea mbele kasha lenye ubavu wa kioo na feni tatu za taa zibadilishazo rangi, na ndani yake tayari kulikuwa na kisanduku cha kugawia umeme, kile mafundi wakiitacho pawa saplai, kimebandikwa karatasi iliyoandikwa wati 600. Kasha na kisanduku vilikuwa shilingi 230,000. Kisha akaandika kadi mpya ya picha, Radeon RX 6500 XT, 400,000. Prosesa ya Intel Core i3-12100F, 290,000. Ubao mkuu wa kuviunganisha vyote, 240,000. Kumbukumbu ya gigabaiti 16 katika kipande kimoja, 120,000. Na diski ya SSD ya gigabaiti 500, 120,000. Jumla ilikuwa 1,400,000. Skrini, kibodi na kipanya kijana alikuwa navyo tangu chuoni, vikuukuu lakini vizima, kwa hiyo shilingi 100,000 zilibaki. Muuzaji hakusema uongo. Kila kitu kilikuwa kama alivyokitaja. Lakini orodha yake ilianzia kwenye kioo cha kasha, mahali jicho lianziapo, ikaingia ndani polepole, na fedha zikakaribia kwisha kabla haijafika kwenye umeme na mtandao. Kijana aliomba siku moja ya kufikiri. Yamkini hapana siku iliyomfaa kuliko hiyo.

Usiku alifungua daftari akaanza upande wa pili kabisa, yaani mahali ambapo picha itatoka nyumbani kwenda kwa watu. Njia yake ilikuwa mtandao wa simu, na katika mtandao wa simu kasi ya kupokea na kasi ya kupakia ni mambo mawili tofauti. Watu wengi hujisifia ile ya kwanza, ilhali arushaye matangazo huishi kwa ile ya pili. Kijana aliipima jioni kadha wa kadha, saa ile ile ambayo angetaka kurusha, akaona kwamba haikukaa juu ya megabiti 8 kwa sekunde kwa muda mrefu, na mara nyingine ilishuka hata 5. Twitch, mtandao wa kurushia michezo uliofunguliwa mwaka 2011, umewashauri warushaji kwa miaka mingi wasipite kilobiti 6,000 kwa sekunde. Kiasi hicho, kikizidishwa kwa sekunde 3,600 za saa moja, hula gigabaiti 2.7. Nusu yake, kilobiti 3,000, hula gigabaiti 1.35. Alikusudia kurusha jioni tatu kila juma, saa mbili kila jioni. Kwa hiyo kifurushi cha intaneti, au bando kama wasemavyo vijana, kingeliwa gigabaiti 16.2 kwa juma katika hali ya kwanza, na 8.1 katika hali ya pili. Aliziandika tarakimu hizi mbili, akazitazama, akaachana na picha ya mistari 1,080 aliyokuwa akiiota. Picha ya mistari 720, mara 30 kwa sekunde, ndiyo ambayo njia yake ingeweza kuibeba na mfuko wake kuilipia.

Uamuzi huu mdogo ulibadilisha orodha yote. Ikiwa watazamaji hawataona zaidi ya mistari 720, kadi ya gharama kubwa iwezayo kuchora zaidi ya hapo ingekuwa kama bomba pana lililofungwa kwenye mpira mwembamba. Lakini papo hapo swali jingine lilizuka, nalo ndilo gumu kuliko yote katika kazi hii. Picha moja ya mistari 720 ina nukta 921,600. Kila nukta ikiandikwa kwa biti 24, na picha zikiwa 30 kwa sekunde, zapatikana megabiti zaidi ya 660 kila sekunde, ilhali njia iliyokubaliwa ni megabiti 3. Hapana budi picha ikunjwe zaidi ya mara 200 kabla ya kutoka, na ikunjwe papo hapo mchezo ukiendelea, bila kumsubiri mtu. Kazi hii huitwa kusimba. Kila nyumba yenye televisheni ina kisimbuzi, kifaa kikunjuacho yale yaliyokunjwa na kituo cha matangazo. Kijana huyu alikuwa akigeuka kituo, naye alihitaji kisimbaji.

Kompyuta yaweza kusimba kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuitwika prosesa kazi hiyo, na prosesa ni mtumwa hodari asiyekataa, lakini prosesa hiyo hiyo ndiyo iuendeshao mchezo, ndiyo ihesabuyo mwendo wa mpira na wa wachezaji ishirini na wawili. Mtumishi wa mabwana wawili hukimbia huku akiitwa kule, na matokeo yake huonekana mahali pawili: mchezo hukwamakwama mikononi mwa achezaye, na picha hurukaruka machoni mwa atazamaye. Mwenye prosesa ya viini vingi aweza kugawa kazi. Ile i3 ilikuwa na viini vinne. Njia ya pili ni kisimbaji chenye makao yake ndani ya kadi ya picha, kisichofanya kazi nyingine. Nvidia ilianza kukiweka katika kadi zake mwaka 2012, nacho huikunja picha huku prosesa ikiendelea na mchezo karibu kana kwamba hapana jambo.

Kijana alisoma maelezo ya RX 6500 XT mstari kwa mstari mpaka saa nane ya usiku. Kadi hiyo ilitoka Januari 2022, ikiwa na gigabaiti 4 za kumbukumbu, na ilitoka bila kisimbaji. Kwa mtu achezaye peke yake upungufu huo si kitu, hataujua kamwe. Kwa mtu arushaye ni sawa na kununua mashua isiyo na tanga kwa sababu rangi yake ni mpya. Alitafuta tena, akaikuta GeForce GTX 1660 Super, iliyotoka Oktoba 2019, yenye gigabaiti 6 na kisimbaji kizuri. Ni kuukuu kuliko ile kwa zaidi ya miaka miwili, haikuwa ikiuzwa mpya tena, na iliyotumika ilikuwa ikipatikana kwa shilingi 310,000. Prosesa nayo ilikuwa na siri yake katika herufi F iliyo mwishoni mwa jina lake: maana yake ni kwamba haina sehemu ya picha ndani yake, wala kwa hiyo kisimbaji. Ndugu yake asiye na herufi hiyo anavyo vyote viwili, lakini hakuwamo dukani. Ni ajabu kiasi gani cha fedha kinaweza kufichama katika herufi moja. Wasahihishaji wa vitabu hawatashangaa.

Kadi zilizotumika zilikuwa nyingi sokoni kwa sababu iliyo mbali na michezo. Kwa miaka kadha watu walizikusanya kadi za picha kwa makumi, wakazikesheza usiku na mchana zikitafuta sarafu ya mtandaoni iitwayo Ethereum. Tarehe 15 Septemba 2022 utaratibu wa sarafu ile ulibadilishwa, na kazi ya kadi ikaisha siku moja. Zilirudi sokoni zikiwa zimechoka kwa viwango mbalimbali, na macho matupu hayawezi kutofautisha iliyochoka na nzima. Kijana alijua mipaka ya kusoma kwake. Asubuhi alikwenda kwa fundi mmoja mzee, atengenezaye redio na amplifaya katika uchochoro wa Kariakoo, rafiki wa marehemu baba yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

Fundi alisikiliza habari yote bila kuinua macho kutoka kwenye redio iliyokuwa wazi mbele yake. Habari za kisimbaji hakuzijua, naye alisema hivyo bila haya. Alichouliza ni kimoja: umeme wa mashine yote utatoka katika nini? Kijana akataja kile kisanduku cha wati 600 kilichomo ndani ya kasha la kioo. Fundi akaizima pasi ya kulehemu, akavaa viatu, wakaenda pamoja dukani.

Aliomba kisanduku kifunguliwe kutoka kwenye kasha, akakiweka juu ya kiganja chake kama mtu apimaye papai sokoni. "Chepesi," akasema. Kisha akavaa miwani akaisoma karatasi ya ubavuni. Juu palikuwa na 600 kwa tarakimu kubwa. Chini, katika jedwali la maandishi madogo, njia ya volti 12 ilikuwa imeandikiwa ampea 20. Fundi alimpa kijana kalamu. "Zidisha." Kijana akazidisha akapata wati 240. Mashine za siku hizi huchota karibu umeme wake wote katika njia ya volti 12. Kadi ile peke yake hutaka takriban wati 125, na prosesa ikikimbia kwa nguvu zake zote hukaribia 90, kabla ya feni, diski na ubao. Kwa karatasi ile mashine ingefanya kazi, lakini ingefanya kazi kama mtu abebaye mzigo wa mwisho wa nguvu zake kila siku, na wepesi wa kisanduku ulionyesha kwamba hata hizo 240 zilikuwa ahadi tu. Kisanduku dhaifu kikifa hufa mara nyingine peke yake. Mara nyingine huondoka pamoja na ubao na kadi. Muuzaji aliyasikia yote haya kwa utulivu, akasema kwamba wateja huuliza habari za taa, hawaulizi habari za ampea. Maneno yake yalikuwa ya haki. Mtu atakayechunguza kompyuta zilizoundwa kwa fedha kidogo ataona mara nyingi kwamba kitu kisichoonekana ndicho kilichopunjwa, ilhali kioo na rangi vimelipwa kwa ukamilifu.

Walichukua kasha tupu la bati kwa 80,000, na kisanduku cha wati 550 chenye alama ya 80 Plus kwa 170,000. Alama hiyo, iliyoanza mwaka 2004, hueleza jinsi umeme usivyopotea njiani kwa kugeuka joto. Haiapi juu ya mengine, lakini wati 550 za kisanduku hiki ziliandikwa karibu zote katika njia ya volti 12, na kiganja cha fundi kiliridhika. Kadi iliyotumika waliijaribu kwa mwenyewe, nusu saa nzima mchezo mzito ukiwa juu ya skrini, fundi akiisikiliza feni kwa sikio moja na kutazama vichwa vya skurubu kama vina mikwaruzo ya kufunguliwa. Muuza kadi alichukia kidogo kungojewa vile. Kadi ya kwanza ilizima baada ya dakika kumi na mbili; ya pili ilikaa.

Juu ya kumbukumbu hapakuwa na mabishano. Vipande viwili vya gigabaiti 8 huipa prosesa njia mbili za kupitia, kipande kimoja cha 16 huipa moja, na tofauti ya bei ilikuwa shilingi 5,000. Hapa kijana alikuwa na bahati ambayo hakuijua. Angechelewa hata mwishoni mwa mwaka 2025 angekuta bei za kumbukumbu zimepanda vibaya sana duniani kote, kwa sababu viwanda vilikuwa vikielekeza mazao yake kwenye majumba makubwa ya mitambo ya akili unde. Prosesa na ubao vilibaki kama vilivyoandikwa siku ya kwanza. Alishawishika kwa i5-12400F yenye viini sita, lakini ubao ule ule ungeweza kuipokea siku nyingine, na kisimbaji cha kadi kilikuwa kimekwisha kuipunguzia prosesa mzigo.

Jioni alimsomea mama hesabu. Kasha 80,000, umeme 170,000, kadi 310,000, prosesa 290,000, ubao 240,000, kumbukumbu 125,000, diski 120,000. Jumla 1,335,000. Zilibaki 165,000, naye alikuwa amekwisha kuzipangia kazi: maikrofoni nzuri yenye mkono wa kuning'inia, kama wanayotumia watangazaji. Ulimi wake ndio mtaji wake, alieleza. Programu ya OBS, iliyoanzishwa mwaka 2012, ambayo hukusanya picha na sauti na kuzituma, hutolewa bure, kwa hiyo kilichobaki ni sauti tu.

Mama alikuwa akikoroga unga wa mchele. "Na umeme ukikatika?"

"Nitawasha tena, mama."

"Jokofu halikuungua umeme ulipokatika, baba. Liliungua uliporudi."

Kijana alinyamaza. Mgawo wa umeme uliowasumbua watu mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 ulikuwa umepungua tangu mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere, katika mto Rufiji, uanze kuzalisha Februari 2024, lakini kupungua kwa mgawo si kutulia kwa nyaya za mtaa. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230 katika maandishi; katika nyumba ya mwisho ya laini iliyochoka huwa ni nambari ipandayo na kushuka kama maji ya pwani, na jokofu la mama lilikuwa limekufa kwa mpando mmoja, usiku, watu wakishangilia kwamba taa zimewaka. Elimu ya mama juu ya umeme ilikuwa imelipiwa. Ni kweli kwamba fundi aliuliza habari za umeme kabla yake, lakini fundi aliuliza juu ya umeme ukiwa ndani ya mashine. Mama aliuliza juu ya umeme ukiwa njiani kuja, na hakuna ukurasa wowote katika yale aliyoyasoma kijana usiku ule, ulioandikwa na watu wa miji isiyokatikiwa umeme, uliokuwa na swali hilo.

Siku ya tatu alinunua kifaa cha kuhifadhi umeme wa dharura, kile waitacho UPS, cha ukubwa wa kutosha mashine yake kwa dakika chache tu, kwa shilingi 140,000. Kazi yake ni mbili: kupokea mapigo ya umeme yasiyo ya kawaida kabla hayajafika ndani, na kumpa mtu nafasi ya kuzima kwa adabu. Zilibaki shilingi 25,000. Maikrofoni ikawa ile ndogo ya waya wa simu, ile ininginiayo chini ya kidevu, ameifunika kipande cha sponji ili isilie kwa pumzi. Shilingi 25,000 zote zilikwenda kwenye bando.

Kuunda kwenyewe kulichukua adhuhuri moja sebuleni, milango imefungwa kwa ajili ya vumbi. Kuna hofu maalumu katika kuketisha prosesa mahali pake, mtu akiushusha wenzo ule mdogo wa chuma na kusikia mkwaruzo ambao, ingawa ni wa kawaida, hufanana kabisa na sauti ya mabati manane yakivunjika. Mashine iliwaka mara ya pili. Mara ya kwanza kumbukumbu haikukaa sawasawa. Haikuwa na taa yoyote ya rangi. Mama aliitazama, akauliza kama hiyo ndiyo yenyewe.

Matangazo ya kwanza yalitazamwa na watu kumi na mmoja, wanne wao wakiwa wa mtaa huo huo na mmoja akiwa ameketi chumba kile kile. Picha haikukwama. Katika dakika ya arobaini taa ya sebule ilizimika, kifaa cha akiba kikaanza kulia, na kijana, bila kukata sentensi aliyokuwa nayo, aliwaambia watazamaji kwamba mwamuzi amesimamisha mchezo kwa sababu ya giza uwanjani, akawaaga, akazima. Umeme uliporudi ulirudi kwa kishindo, feni ya jirani ikaungua, na mashine ikabaki salama chini ya meza.

Watazamaji waliongezeka polepole, wala hawakuleta fedha. Fedha zilileta arusi. Mpiga picha mmoja wa mtaa wa pili, ambaye kompyuta yake ilichukua usiku kucha kuikunja filamu ya arusi moja, alisikia kwamba iko mashine Mbagala imalizayo kazi hiyo kabla chai haijapoa. Kisimbaji kile kilichonunuliwa kwa ajili ya kandanda hakikujali kama waliomo katika picha ni wachezaji au bibi na bwana arusi. Alilipa 60,000 kwa arusi ya kwanza. Mwezi Novemba, vuli ilipokwisha kuanza, fedha hizo zilinunua mabati mawili kati ya manane yaliyohitajiwa, yakapigiliwa upande wa jiko ulioko juu ya meko. Chini ya upande wa pili mama aliweka ndoo, akasogeza benchi la unga hatua moja kutoka kwenye matone, akaendelea kukoroga. Katika chumba cha pili sauti ya mwanawe ilikuwa ikitangaza kona ya dakika za mwisho.